Jumatatu ya kufua, Ijumaa ya kuoga: nyumba za wafanyakazi wa Leeds baada ya vita

Swali: Mtaalamu, shikamoo. Mimi natoka Tanga, sasa natunza wazee mjini Leeds, Uingereza. Nina bibi mmoja wa miaka 84, mzaliwa wa hapa hapa. Mambo ya jana hayakumbuki, ila ya utotoni anayasema kama yametokea asubuhi hii. Kila Jumatatu anahangaika kwamba kufua kumechelewa. Usiku anatafuta koti na ufunguo kabla ya kwenda chooni, na choo kimo chumbani mwake. Kuoga kwa bomba la mvua hataki, analia. Hutaja setipoti, posa, mangeli na shilingi ya gesi. Wanawe wanasema ndivyo alivyokulia, zaidi ya hapo hawajui. Nyumba hizo zilikuwaje, na kufua na kuoga kulifanyika vipi hasa? Na nchi tajiri kama hii, ilikuwaje watu wakaishi hivyo?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kila jambo ulilolitaja lina mahali lilipotoka, na yote yametoka katika nyumba ya aina moja. Shika kwanza mambo mawili: nyumba ile ilikuwa na moto mmoja, na bomba moja la maji baridi. Ukiyashika hayo, bibi yako utamwelewa vizuri zaidi.

Leeds ilikuwa mji wa nyumba zilizopeana migongo. Nyumba yenu na ya mtaa wa pili zilitumia ukuta mmoja wa nyuma, kwa hiyo hakukuwa na mlango wa nyuma, dirisha la nyuma wala uwanja. Chini kulikuwa na chumba kimoja ambamo watu walipika, wakala, wakafua, wakaoga na kupokea wageni. Juu kulikuwa na chumba kimoja au viwili, pengine na kingine darini. Chini ya sakafu kulikuwa na stoo ya makaa ya mawe, na mara nyingi sinki lilikuwa pale pale penye ngazi za kushukia stoo. Sheria ya mwaka 1909 ilikataza nyumba za namna hii zisijengwe tena, lakini Leeds iliendelea hadi 1937 kwa ramani zilizokuwa zimekwisha kuidhinishwa. Maelfu ya nyumba hizo zipo hadi leo na watu wanaishi ndani yake, sasa zikiwa na bafu. Pita mitaa ya Harehills au Holbeck uziangalie. Huenda hata wewe umepanga moja.

Katika mitaa mingi nyumba zilijengwa nane nane, na kati ya kundi moja na jingine palikuwa na kiwanja kidogo chenye vyoo na mapipa ya taka. Choo kimoja kilitumiwa na nyumba mbili au zaidi. Kilifungwa kwa kufuli, na kila nyumba ilikuwa na ufunguo wake ukining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Ili usipotee, ulifungwa kamba kwenye kibiringo cha mbao cha uzi wa cherehani. Kwenda chooni maana yake ilikuwa kuvaa koti, kuvaa viatu, kuchukua ufunguo, kutoka mtaani na kutembea, mvua iwe inanyesha au theluji. Ndani kulikuwa na vipande vya gazeti vilivyokatwa mraba na kutungwa kwenye uzi. Wakati wa baridi kali waliacha taa ndogo ya mafuta ya taa ikiwaka karibu na bomba. Maji yakiganda hutanuka na kupasua bomba, na ufa huo hauonekani mpaka barafu iyeyuke, ndipo maji hufurika. Kusafisha choo kulikuwa kwa zamu, na aliyeruka zamu yake alijulikana mtaa mzima.

Usiku ni wachache waliotoka. Kila kitanda kilikuwa na chungu cha haja ndogo chini yake, na asubuhi mtoto mkubwa ndiye aliyetumwa kukimwaga. Kwa hiyo bibi yako akitafuta koti na ufunguo, anafuata hatua sahihi za nyumba aliyokulia. Na ukimwona ameinama anapapasa chini ya kitanda, usidhani ameangusha kitu, huenda amebanwa. Wengi huchelewa chooni kwa sababu hiyo tu, kisha watu wakaandika kwamba hawezi tena kujizuia.

Nakushauri hivi. Tundika gauni lake zito la asubuhi kwenye ndoana anayoiona akiwa kitandani, na ndara zenye soli isiyoteleza ziwe upande anaoshukia. Tafuta ufunguo wowote wa zamani, uufunge kwenye kibiringo cha uzi, uutundike pale pale. Akianza kutafuta, usimbishie kwamba choo kimo ndani. Mvike gauni, mpe ufunguo mkononi, mwende pamoja. Mlango wa choo uwe wazi na taa iwake usiku kucha. Kiti chenye ndoo karibu na kitanda kinafaa pia, kwa sababu kinakaa mahali ambapo mwili wake unategemea kukuta chungu.

Kuhusu utajiri wa nchi, swali lako ni la haki. Nyumba hizo zilijengwa kwa haraka na kwa gharama ndogo katika karne ya 19, ili wafanyakazi wa viwanda vya nguo, ngozi na mashine wakae karibu na kazi. Miaka ya 1930 serikali za miji zilianza kubomoa mitaa mibovu zaidi. Hapo Leeds, fleti kubwa za Quarry Hill zilijengwa wakati huo kwa ajili ya watu waliohamishwa. Vita vilipoanza 1939, ujenzi ulisimama. Vilipokwisha 1945, nyumba mamia ya maelfu nchini zilikuwa zimeharibiwa na mabomu, mbao na chuma vilikuwa adimu, na askari walikuwa wanarudi kuoa na kuzaa. Nyumba mbovu ilikuwa afadhali kuliko kukosa nyumba, basi ikaachwa isimame. Sensa ya mwaka 1951 ilikuta zaidi ya theluthi moja ya kaya za Uingereza hazina bafu la kudumu. Waingereza waliokuja Tanganyika na Kenya kutawala hawakutoka katika mitaa hiyo, ndiyo maana picha ya Uingereza tuliyorithi nyumbani haina chumba kama cha bibi yako.

Sasa moto. Meko yalikuwa ya chuma, yamejengwa ukutani: katikati moto wa makaa ya mawe, upande mmoja oveni, na mara nyingi upande wa pili tangi dogo la kuchemshia maji. Moto huo ndio uliopika, ndio uliopasha chumba joto, ndio uliokausha nguo. Vyumba vya juu kwa kawaida havikuwashwa moto ila kwa mgonjwa au mama aliyejifungua. Watoto walilala wawili watatu kitanda kimoja, makoti yamewekwa juu ya blanketi, na asubuhi barafu imechora majani ndani ya kioo cha dirisha. Kupasha kitanda walitoa bamba la chuma kwenye oveni, au tofali lililopashwa moto, wakalizungushia kitambaa kizito. Kitambaa kikiwa chepesi liliunguza shuka, wakati mwingine hata mguu.

Kuwasha moto ilikuwa kazi ya kila asubuhi, na mtoto wa miaka minane au tisa alikuwa ameshaijua. Unachokora jivu lidondoke, unaokota makaa yaliyoungua nusu na kuyaweka kando, kwa kuwa yatawaka tena. Unasokota kurasa za gazeti kama kamba, unapanga vijiti vikavu juu yake kwa kupishanisha ili hewa ipite, kisha vipande vidogo vya makaa, visizidi ngumi. Ukishatia kiberiti, unasimamisha sepetu mbele ya meko na kutandaza gazeti zima juu yake ili kuziba uwazi. Hewa ikikosa njia ya juu hupita chini ya moto kwa nguvu, na moto huunguruma. Hatari iko hapo: gazeti likianza kuwa la kahawia katikati, uliondoe mara moja, la sivyo linashika moto na kuvutwa juu kwenye dohani. Dohani isiyozibuliwa masizi huwaka ndani, na nyumba huwa hatarini. Usiku moto haukuzimwa. Ulifunikwa kwa chenga za makaa zilizoloweshwa, pamoja na maganda ya viazi na majani ya chai yaliyotumika, ukalala mpaka alfajiri.

Makaa yaliletwa kwa magunia ya kilo 50 hivi, yakamwagwa stoo kupitia tundu lenye kifuniko cha chuma kando ya barabara. Mama au mtoto alisimama akihesabu magunia, asilipishwe matano kwa manne. Biashara ya makaa ilidhibitiwa na serikali hadi 1958, kwa hiyo hata mwenye fedha hakununua atakavyo. Bibi yako alikuwa mtoto mdogo katika baridi ya 1947, theluji ilipoanguka kuanzia mwishoni mwa Januari hadi Machi, treni za makaa zikakwama, na umeme wa majumbani ukakatwa kwa saa kadhaa kila siku. Akikuambia usichezee makaa, ana sababu.

Sasa tuje kwenye Jumatatu. Siku hiyo ilichaguliwa kwa sababu ya chakula. Jumapili palichomwa nyama, na iliyobaki ililiwa baridi Jumatatu kwa viazi, hivyo mama hakuhitaji kupika. Kazi yenyewe ilianza Jumapili usiku kwa kutenga nguo: nyeupe, za rangi, za sufu, za kazini. Nyeupe zililowekwa kwenye maji baridi yenye magadi ya kufulia, chumvi ya jamii ile ile inayochotwa Ziwa Magadi. Maji yawe baridi kwa sababu damu na jasho vikikutana na maji moto huganda ndani ya nyuzi na havitoki tena.

Setipoti ni sufuria kubwa la chuma au shaba lililojengewa matofali pembeni mwa chumba au kule chini stoo, na kitundu cha moto chini yake. Linaingia lita 45 hadi 70. Lilijazwa kwa ndoo kutoka bomba lile moja, na moto ukawashwa saa kumi na moja au kumi na mbili alfajiri, maana kuchemka kulichukua saa nzima na zaidi. Kosa kubwa lilikuwa kuwasha moto kabla ya kujaza maji: chuma kitupu hupasuka. Sabuni ya mche ilikwanguliwa kwa kisu ikaangukia majini. Sabuni nayo ilikuwa ya kuponi, yaani ya mgawo wa serikali, tangu Februari 1942 hadi Septemba 1950, kwa hiyo vipande vya mwisho havikutupwa. Vilikusanywa kwenye mkebe wenye matundu vikatikiswa ndani ya maji.

Nyeupe zilichemshwa dakika 20 hadi 30, zikaopolewa kwa mti uliokuwa umechakaa na kuwa mweupe kwa miaka ya sabuni, zikatiwa kwenye pipa la bati lenye mikunjo. Hapo ndipo posa ilipofanya kazi, na neno hili halihusiani na posa yetu ya kuomba mchumba. Ni mpini mrefu wenye kengele ya shaba iliyotobolewa mwishoni. Unaposukuma chini, maji yanapenya nguo kwa nguvu. Unapovuta juu, yanafyonzwa na kurudi, kama kile kifaa cha mpira cha kuzibulia sinki. Kola na ncha za mikono ya mashati zilisuguliwa kwenye ubao wa bati. Mtoto alipewa posa akiwa bado mfupi kuliko mpini wake, akasimama juu ya kigoda, apige mara mia akihesabu. Mkono wa bibi yako ukienda juu na chini anapokusimulia, ndicho anachokifanya.

Kisha mangeli: fremu ya chuma yenye magogo mawili ya mbao ya mviringo, mkono mkubwa wa kuzungushia, na skrubu juu ya kukaza. Mmoja alilisha nguo, mwingine akazungusha, maji yakatiririka kwenye ndoo. Vifungo vilikunjwa ndani ya nguo, vinginevyo vilivunjika au kung'oka. Shuka ilikunjwa sawasawa kabla ya kuingia, kwani ikiingia upande huchukua mikunjo ambayo pasi haiitoi. Na meno ya chuma pembeni yalikula vidole vya watoto. Mzee wa umri huo mwenye ncha ya kidole iliyopinda, pengine kisa chake kinaanzia kwenye mangeli.

Nguo zilisuuzwa mara mbili. Katika suuzo la mwisho iliingia buluu, ile ile tuliyoikuta kwa mama zetu. Ilifungwa ndani ya kitambaa na kuzungushwa majini mpaka maji yawe na rangi ya anga nyepesi. Aliyeiacha ikae chini bila kukoroga alipata madoa ya samawati, na ikabidi aanze upya. Kola, vitambaa vya meza na foronya vilipitishwa kwenye wanga. Za rangi zilifuliwa katika maji yaliyopoa, soksi nyekundu peke yake. Za sufu zilifuliwa kwa mkono, maji ya vuguvugu, bila kusugua, kwa kuwa sufu ikipata moto na kusuguliwa husinyaa isirudi. Mwisho zikaingia ovaroli za baba. Maji yaliyobaki hayakumwagwa: yalisugua sakafu, kizingiti na choo cha kiwanjani.

Kwa kuwa nyuma hakukuwa na uwanja, kamba zilifungwa kutoka nyumba ya upande huu wa mtaa hadi ya upande wa pili. Mtaa wote ukajaa shuka, gari lisipite. Muuza makaa mwenye akili hakuja Jumatatu. Mpira uliogusa shuka ulinyang'anywa. Adui mkubwa alikuwa masizi. Dohani za nyumba na viwanda zilimwaga punje nyeusi, na ukizipangusa kwa kidole zinachora mstari, basi lazima uzipulize au uzikung'ute. Ilikuwa hivyo mpaka Sheria ya Hewa Safi ya 1956 ilipoanza kupunguza moshi taratibu. Mvua ikinyesha, nguo ziliingia ndani, zikaning'inizwa kwenye fremu ya mbao chini ya dari na chanja ya kukunjwa mbele ya moto. Chumba kikajaa mvuke, kuta zikatoa jasho, na watoto waliotoka shule na miguu mibichi hawakuuona moto. Ukitaka kujua kwa nini Jumatatu inamtia wasiwasi, nadhani ni hapa: kuchelewa asubuhi kulimaanisha nyumba nzima ya baridi na unyevu hadi Jumanne usiku.

Jumanne ilikuwa ya pasi. Pasi zao hazikuwa kama ya mkaa tuliyoizoea Tanga, yenye moto tumboni. Zilikuwa chuma kitupu, mbili, zikipashwa mbele ya meko kwa zamu: moja mkononi, nyingine motoni. Joto lilipimwa kwa kutema mate kidogo. Tone likiruka na kukimbia, iko tayari, na likikaa na kuchemka taratibu, bado. Chini ya pasi ilifutwa kila mara, kwa sababu masizi kidogo tu yanaharibu shati jeupe na kazi ya jana yote.

Chakula nakipitia kwa ufupi. Mgawo wa vyakula ulianza Januari 1940 na haukumalizika kabisa mpaka tarehe 4 Julai 1954, wakati bibi yako alikuwa binti wa miaka kumi na mitatu hivi. Mkate haukuwahi kugawiwa kwa kuponi wakati wa vita, ukagawiwa baada ya vita, 1946 hadi 1948. Peremende zilikuwa huru kwa miezi michache 1949, zikarudishwa kwenye kuponi kwa kuwa maduka yaliishiwa, na zikaachiwa kabisa Februari 1953. Muulize kuhusu siku hiyo. Kama anapenda mkate wenye mafuta ya nyama na chumvi, ujue ni yale mafuta yaliyodondoka kutoka kwenye nyama ya Jumapili. Tabaka la kahawia chini ya bakuli ndilo lililogombaniwa. Mafuta yalikuwa adimu kiasi kwamba serikali ya Uingereza ilikuja kufyeka pori la Kongwa, Urambo na Nachingwea kuanzia 1947 ili ipande karanga za kukamua mafuta. Mpango ulikufa 1951 kwa hasara ya zaidi ya pauni milioni 35. Babu zetu waliopanda treni kwenda Kongwa, na mtoto wa Leeds aliyelamba mkate wake, walikuwa ncha mbili za jambo moja.

Kuoga kulikuwa mara moja kwa juma, kwa kawaida Ijumaa au Jumamosi usiku. Siku nyingine ni uso, shingo, mikono na miguu kwenye sinki. Beseni refu la bati lilitundikwa kwenye msumari, ukutani nje au kwenye ngazi za stoo. Liliingizwa ndani na kuwekwa mbele ya moto, juu ya magazeti. Chanja ya nguo ilizungushwa na kufunikwa taulo, ili kuzuia upepo wa mlangoni na kumstiri anayeoga. Maji baridi yalitangulia, ya moto yakafuata. Mpangilio huo haukubadilishwa, kwani mtoto aliyetumbukia kwenye beseni lenye maji moto peke yake aliungua vibaya. Ndoo sita hadi nane zilitosha, yaani lita 60 au zaidi, zote zikibebwa, na za moto zikichemshwa kwanza. Kwa hiyo maji yalikuwa yale yale kwa wote. Nyumba nyingine mdogo alianza, nyingine baba. Kila aliyeingia aliongezewa birika moja la moto upande wa miguu, naye akakunja magoti kwanza. Nywele zilioshwa hapo hapo kwa kumwagiwa jagi kutoka nyuma, kitambaa kikifunika macho. Upande ulioelekea moto uliiva, wa pili ukatetemeka. Kisha taulo lililokuwa likipashwa joto, nguo safi za kulalia, na kitanda. Beseni halikuinuliwa likiwa limejaa. Lilichotwa kwa ndoo mpaka liwe jepesi, likaburutwa.

Waliotaka maji mengi walikwenda bafu la manispaa, wakalipa peni chache kwa chumba, sabuni na taulo. Bomba lilifunguliwa na mhudumu kutoka nje, na uliyetaka moto zaidi ulipaza sauti ukataja namba ya chumba chako. Jengo la Bramley Baths, lililofunguliwa 1904, bado linatumika kama bwawa la kuogelea hapo Leeds.

Fikiria sasa unavyomwogesha. Chumba cheupe chenye mwangwi, hakuna moto, amevuliwa nguo zote kwa pamoja, maji yanamwagika kutoka juu kichwani. Hakuna hata kimoja alichokijua. Jaribu hivi: pasha chumba joto nusu saa kabla, na taulo ziwekwe kwenye rejeta, kile chuma cha ukutani kinachopasha chumba joto. Mkalishe kwenye kiti cha kuogea, mabega yamefunikwa taulo kubwa muda wote, na uoshe sehemu moja ukiifunika nyingine. Miguu yake iwe ndani ya beseni la maji ya vuguvugu. Pima joto kwanza, ngozi ya mzee huungua upesi. Mwagia kwa jagi badala ya bomba la mvua, na nywele mwisho, kitambaa machoni. Ifanye Ijumaa jioni kabla ya kulala, badala ya Jumanne asubuhi ambayo ratiba ya kazi inaipenda. Zungumza na msimamizi wako, na muiandike kwenye mpango wake wa matunzo ili wenzako wa zamu wafuate.

Shilingi ya gesi ni fupi kueleza. Mita ya gesi ilikuwa ndani ya nyumba na ilikula sarafu, peni au shilingi. Sarafu ikiisha, taa na jiko vilizimika hapo hapo. Shilingi yao ilikuwa peni 12, si senti 100 kama iliyokuwa yetu, na pauni ilikuwa shilingi 20, mpaka walipobadili Februari 1971. Sarafu moja iliwekwa juu ya rafu ya meko, haikuguswa. Akihangaika, weka kisahani chenye sarafu mbili tatu mahali anapopaona.

Nimeiacha Jumatatu yenyewe mpaka hapa. Usimwambie kwamba mashine imeshafua. Siku hiyo baada ya chai ya asubuhi mletee shuka safi iliyotoka kwenye kikaushio ikiwa bado na joto. Shuka haikunjwi na mtu mmoja, na mtoto wa nyumba ile aliitwa kila Jumatatu kushika upande wa pili. Mpe pembe mbili, wewe shika mbili, mkiwa mmekabiliana. Akiwa si imara miguuni, akae kwenye kiti chenye mikono, wewe ndiye usogee. Vuteni kidogo kwa pamoja ili nyuzi zinyooke, kunjeni kati kwa urefu, vuteni tena, kisha nenda kwake umkabidhi pembe zako, uinamie mkunjo ulioning'inia na kurudi nao nyuma. Atakuvuta. Ukilegeza mkono, atakuambia.